Tupeane uzoefu: kupeleka familia nzima kutazama mchezo wa jukwaani bila kurudi na mifuko mitupu

Mama Watatu (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Jana usiku watoto wamelala, nikashika simu nikate tiketi za mchezo wa jukwaani. Tuko watano: mimi, baba watoto, na watoto wa miaka 11, 7 na 4. Tangazo liliandika bei "kuanzia" kiasi fulani, nikajisemea hapa tunaweza. Kumbe hiyo "kuanzia" ni viti vya pembeni kabisa kule roshani ya juu, tena vimetawanyika, huyu huku yule kule. Nikasogea katikati, bei ikaruka karibu mara mbili. Wa miaka 4, ambaye miguu haifiki hata ukingo wa kiti, analipa sawasawa na baba yake. Nakaribia kubonyeza kulipa, ikachomoza ada ya huduma. Nikadhani ni moja kwa muamala. Ni moja kwa kila tiketi, mara tano! Jumla ikawa karibu nusu ya hela yangu ya chakula cha mwezi. Nikazima simu nikalala.

Wanangu hawajawahi kuona mtu akiigiza mbele ya macho yao, wanajua vya kwenye skrini tu, ndiyo maana sijakata tamaa. Naomba mliokwisha kwenda na familia mnieleze mlifanyaje, na nini kiliwala hela bila kutarajia. Wa sinema na wa mpira mtusamehe, uzi wenu utakuja.

Baba Mapacha

Dada pole. Mimi nakwambia tiketi siyo adui yako mkubwa. Sisi tulijibana kwenye tiketi, tukaja kuliwa nje ya tiketi.

Tulipata viti vya bei nafuu, nikajiona mjanja. Kufika, njia ya kwenda chooni inapita mbele ya meza ya bidhaa, na sidhani kama ni bahati mbaya. Pale kuna vijiti vinavyowaka taa. Mtoto mmoja wa familia nyingine kapita nacho, wangu wawili wakasimama kama wamepigiliwa misumari. Nikanunua kimoja nikawaambia wagawane. Wenye mapacha mnacheka, najua. Nikarudi kununua cha pili. Hapo bado kitabu cha onyesho, bado maji, bado maegesho yanayohesabu kwa saa. Nilipopiga hesabu usiku ule, vya nje ya tiketi vilikuwa vimeikaribia bei ya tiketi zenyewe. Na vile vijiti havikuwaka zaidi ya siku tatu.

Siku hizi kabla hatujatoka nyumbani kila mtoto anatangaza kitu kimoja atakachonunua, na kiwango tunakubaliana palepale mlangoni. Chupa za maji tunajaza wenyewe, ila uliza kwanza, kumbi nyingine haziruhusu kuingia na kitu. Kulia kupo, lakini kunaishia nyumbani.

Nyuma ya Nguzo

Niongeze la viti, maana hili limenigharimu.

Ukiona tiketi imeandikwa "mwonekano hafifu" usikimbilie na usiikimbie. Kumbi za kale, hasa zile za karne ya 19, roshani zake zilishikiliwa na nguzo za chuma, na nguzo haihami. Mimi nilikaa nyuma ya moja kwa saa mbili na nusu. Mhusika mkuu nilimwona bega la kushoto. Lakini kuna viti vyenye jina hilohilo ambavyo kinachokosekana ni kona ndogo tu ya jukwaa, na bei yake ni nusu. Piga simu dirisha la tiketi uulize kiti kwa namba yake. Wale watu wanavijua viti vyao kama mtu anavyojua meno yake.

Kwa wenye watoto kuna mtego mwingine: safu ya mbele kabisa ya roshani. Kwa mtu mzima ni tamu. Kwa mtoto wa miaka 6 ule uzio wa usalama unakaa sawasawa na macho yake. Nililipia ziada ili binti yangu atazame bomba la shaba. Kipindi chote alikaa mapajani mwangu, maana yake nilinunua kiti cha koti lake. Kumbi nyingi zina mito ya kumnyanyulia mtoto, bure, lakini ni michache na huisha mapema. Ukifika nenda kwenye mito kwanza, choo baadaye.

Fundi wa Taa

Nipo upande wa pili wa pazia, nawasha taa kwa kazi. Siji kutetea ada ya huduma, hiyo hata sisi hatuielewi. Nataka kueleza kwa nini bei yenyewe haishuki.

Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliandika kuhusu jambo hili hasa. Kiwandani mashine mpya ikija, watu wachache wanatoa bidhaa nyingi, kwa hiyo mishahara inaweza kupanda na bei isipande. Jukwaani hakuna mashine hiyo. Mchezo uliohitaji waigizaji 10 na saa mbili miaka 300 iliyopita, leo unahitaji waigizaji 10 na saa mbili. Huwezi kuwaambia waseme haraka. Lakini mwigizaji wa leo analipa kodi ya nyumba ya leo, kwa hiyo mshahara wake lazima ufuate wa watu wengine. Filamu ukishaitengeneza unaitoa nakala usiku mmoja dunia nzima. Sisi Jumanne tunaanza upya: mtu wa mavazi kafua mashati, mtu wa nywele kapanga mawigi, mimi nimepanda ngazi kubadilisha taa iliyoungua. Viti vikiisha vimeisha.

Broadway ya New York na West End ya London, mitaa yenye kumbi kubwa za michezo ya jukwaani, kawaida ni maonyesho 8 kwa wiki, na bado michezo mingi hufungwa kabla haijarudisha mtaji.

La kuwasaidia ni hili: siku hizi bei za kumbi kubwa zinapanda na kushuka kulingana na wateja, kama tiketi za ndege. Jumamosi usiku ndiyo ghali. Jumatano mchana kiti kilekile kinaweza kuwa nafuu sana. Ulizia pia maonyesho ya awali, yale kabla ya siku ya uzinduzi. Waigizaji ni walewale, huenda mlango mmoja wa jukwaani ukagoma kufunguka, na kwa watoto huo ndio mwanzo wa raha.

Sishawishiki

Fundi, nimekuelewa vizuri, ila hiyo ni sababu ya bei kuwa juu. Siyo sababu ya mtoto wa miaka 4 kulipa kama baba yake.

Fundi wa Taa

Watakwambia kiti ni kiti. Akikaa mtoto hakai mtu mzima.

Sishawishiki

Na mimi nitawaambia wa miaka 4 wa leo ndiye mtu mzima wa kesho kutwa, asipozoea leo hamtamwona. Na inawezekana kabisa. London kumbi zao hukubaliana kila Agosti: mtu mzima akilipa, mtoto mmoja anaingia bure, na wengine wawili nusu bei. Athens ya kale serikali ilikuwa na mfuko wa kuwalipia raia maskini kiingilio cha tamthilia. Ukumbi wa Globe enzi za Shakespeare ulikuwa unaingia kwa peni moja ukisimama uwanjani. Sisemi tusimamishe watoto saa tatu, nasema watu walishafikiria kabla yetu.

Foleni Haiumi

Haiumi ukiwa peke yako, jina langu lisikudanganye. Kuna kibanda cha TKTS pale Times Square, New York, tangu 1973: unapanga foleni, unauziwa tiketi za siku hiyohiyo kwa punguzo linalofika nusu. Niliwahi kupata viti vizuri kweli kwa njia hiyo, nikiwa kijana sina mtu.

Juzi nikajaribu na familia, safarini. Saa nzima kwenye foleni, mdogo anataka haja, mkubwa anataka mchezo mmoja tu ambao ubaoni haupo. Tulipofika dirishani viti vinne vya pamoja hakuna, kuna viwili viwili. Na zile bahati nasibu za tiketi za bei ya kutupa mtandaoni, ukishinda wengi wanakupa tiketi mbili tu. Sisi tuko wanne. Nilishinda mara moja, nikaikataa, na mke wangu hajanisamehe kwa sababu anasema angekwenda yeye na mama yake.

Nusu Nusu

Sisi tulikuwa na kichanga na mtoto wa miaka 8, na hela ya tiketi mbili. Ukumbi haupokei walio chini ya miaka 3. Tukaenda wote wanne. Nusu ya kwanza aliingia mama na mkubwa, mimi nikabaki ukumbi wa nje nikizunguka na kichanga begani. Mapumziko tukabadilishana: nikapewa kipande cha tiketi, naye akapewa mtoto. Tulimweleza mhudumu wa mlangoni mapema, akasema kiti kimelipiwa, nani anakikalia siyo shida yake.

Kasoro ni kwamba mimi niliingia mjomba wa kwenye mchezo akiwa tayari amefungwa kamba kitini, naye anajitetea kwa uchungu, nikaamini ni mwema. Mke wangu anasema nusu ya kwanza alionekana waziwazi akiiba wosia. Mpaka leo tunabishana. Mtoto ndiye pekee aliyeona mchezo mzima, na anauza habari: ukitaka kujua kilichotokea umnunulie kitu.

Mwalimu wa Zamani

Kundi! Kumbi nyingi zina bei ya kundi, mara nyingi kuanzia watu 10. Tulikusanyika familia tatu tukafika 12, punguzo zuri na ada ya huduma ikapungua.

Ila mkusanya hela ndiye anayeumia. Familia moja ilijitoa siku moja kabla, tiketi hairudishwi, na mwenye kadi ni mimi. Nilikaa na viti vinne vitupu pembeni yangu kama nafanya matanga. Kusanyeni hela yote kwanza, tiketi baadaye, hata kama ni ndugu. Hasa kama ni ndugu.

Ukimya

Nimesoma yote. Gharama yangu mimi haipo kwenye orodha zenu.

Mwanangu ana usonji. Mara ya kwanza tulilipa viti vinne, vizuri, mwishoni mwa safu kama tulivyoshauriwa. Taa zikazimwa zote kwa mpigo, ikaja ngoma kubwa. Aliziba masikio akaanza ile sauti yake. Mtu wa mbele akageuka. Kisha wa mbele yake. Dakika ya 11 tulikuwa nje kwenye ngazi, yeye amejikunja kwenye koti langu, na kwa ndani nasikia watu wanacheka kwa kitu ambacho nilishakilipia. Sikulilia hela. Lakini hela nayo ilikuwepo.

Baadaye nikajua kuna maonyesho tulivu. Taa za ukumbini hazizimwi kabisa, sauti hupunguzwa, milango inabaki wazi, mtoto anaweza kusema, kusimama, kutoka na kurudi, kuna chumba cha kutulia. Ukumbi wetu siku hiyo hushusha na bei, na mtu anayemsindikiza mwenye ulemavu huingia bure au kwa nusu, ila lazima useme wakati wa kukata, mtandaoni halionekani. Tulikwenda. Alitoka mara nne, akarudi mara nne. Mara ya mwisho alirudi peke yake.

Mama Watatu, kwa huyo wako wa miaka 4 usione haya kwenda siku hiyo. Hawaulizi cheti.

Mjomba Kitochi

Jitoleeni kuwa wahudumu wa ukumbi. Nawaonyesha watu viti kwa kitochi, halafu natazama bure nimesimama. Mchezo mmoja nimeuona mara 9. Familia sijawahi kuipeleka, nisamehewe.

Mama Watatu

Jamani nashukuru. Nimefuata mengi ya kwenu. Nilipiga simu dirishani badala ya mtandao, ada ya huduma haikuwepo kabisa. Nimeuliza siku ya tulivu, ipo, Jumatano mchana. Baba watoto yuko kazini siku hiyo, kwa hiyo ni tiketi nne. Jumla imetoka chini ya nusu ya ile ya kwanza. Nitaleta mrejesho.

Mama Watatu

Mrejesho kama nilivyoahidi.

Mito tuliiwahi. Wa miaka 11, ambaye alisema maigizo ni ya watoto, alikaa mdomo wazi tangu mwanzo. Wa 7 alipenda zaidi mtu aliyetoka gizani kuhamisha meza. Wa 4 alilala nusu ya pili, nikambeba mpaka nje na kiatu kimoja, kingine alikiokota mhudumu safu ya nyuma yetu, sijui kilifikaje.

Hesabu: tiketi nne, nauli, kitabu kimoja cha onyesho cha kugombania. Kijiti cha taa hakuna, Baba Mapacha asante. Jana nimewakuta sebuleni wamefunika taa ya mezani kwa khanga yangu nzuri, wa kwanza anaigiza, wa pili anahamisha viti, mdogo yuko mlangoni anadai tiketi. Baba yao alikuwa anarudi kazini, ikabidi alipe ndiyo aingie.

Sishawishiki

Mtoto alimtoza bei ya mtu mzima?

Mama Watatu

Na ada ya huduma.