Gari linavuta upande baada ya kugonga ukingo wa barabara: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, naombeni uzoefu wenu, maana jambo hili linaninyima raha.

Usiku, mvua inanyesha, nilikwepa pikipiki nikagonga ukingo wa barabara kwa tairi la mbele kushoto. Mlio ulikuwa mmoja tu, mzito. Nikashuka, nikamulika kwa simu: tairi lina upepo, rimu imechubuka, hakuna kinachovuja. Nikaendelea na safari. Kesho yake ndipo nikaona gari linakwenda mbele huku usukani umelala upande. Nimelipeleka alaimenti, yaani kurekebishwa pembe za matairi, usukani sasa umekaa sawa, lakini nikilegeza mikono tu gari linakwenda kushoto. Fundi anasema ni mwinamo wa barabara. Nimelijaribu kwenye barabara tatu, ni yale yale.

Mliowahi kugonga ukingo, kwenu kilipinda nini? Na mlikijuaje?

Mwenda Pole
Pole sana mkuu. Yangu ilikuwa tairodi, ile fimbo inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi. Nilifanya alaimenti mara mbili ndani ya mwezi mmoja na tairi likaendelea kuliwa. Ukipitisha kiganja juu ya meno ya tairi kwenda ndani ni laini, ukikirudisha yanakwaruza kama msumeno. Fundi wa tatu hakuwasha hata mashine. Alilala chini, akaegemeza rula kwenye fimbo ya tairodi, akaniita nichungulie: katikati mwanga ulikuwa unapita. Jicho peke yake lisingeona. Wale wawili wa kwanza walikuwa wanazungusha nati mpaka namba zikae kijani kwenye skrini, basi. Ilipobadilishwa fimbo, alaimenti ikashika mpaka leo.

Mama Wawili
Kaka, kabla ya yote kagua tairi lenyewe, hasa ubavu wa ndani. Huo huuoni mpaka uzungushe usukani hadi mwisho uchungulie. Mimi nilikuta kinundu cha ukubwa wa nusu ndimu. Nilielezwa kwamba nyuzi za ndani zilikatika pale tairi lilipobanwa kati ya rimu na ukingo, kwa hiyo upepo unasukuma mpira mtupu. Hapo hakuna kiraka, ni kubadilisha tairi. Siku tatu nzima nilikuwa nimebeba wanangu kwenye barabara kuu juu ya tairi lile. Nikikumbuka, mwili unasisimka.

Kilomita Nyingi
Tusichanganye kuvuta na kutetemeka. Langu halikuvuta kabisa. Lilikuwa likifika 80 hivi usukani unatetemeka mikononi, likipita 110 unapoa. Nikahamishia tairi la mbele nyuma, mtetemo ukahama kutoka kwenye usukani ukaja kwenye kiti. Nikajua ni rimu. Kwenye mashine ya balansi, ile inayozungusha tairi kupima ulinganifu wa uzito wake, ulionekana wazi mdomo wake ukipanda na kushuka.

Fundi wa Chini
Kazi yangu ni hii ya chini ya gari, miaka mingi sasa, kwa hiyo niruhusuni niandike kirefu kidogo.

Alaimenti hurekebisha pembe, hainyooshi chuma. Magari mengi madogo yenye shokapu iliyosimama pamoja na springi mbele hukuruhusu kurekebisha kitu kimoja tu, nacho ni to, yaani matairi yanavyoelekeana. Kemba, tairi linavyolala ndani au nje, na kasta, mguu unavyoegemea nyuma, hufuata vyuma vilivyo. Sasa mwanzisha mada, fundi wako alirekebisha to, usukani ukanyooka. Gari bado linavuta. Hiyo inanifanya nishuku kasta au kemba, na hizo hazikuguswa.

Rudi ukaombe karatasi ya vipimo. Kama hawakukupa, dai, ni haki yako. Linganisha kasta ya kushoto na ya kulia. Gari huvuta upande wenye kasta ndogo, na ukingo ukisukuma tairi nyuma ndivyo kasta inavyopungua.

Hata leo nyumbani unaweza kupima. Simamisha gari pahali tambarare, usukani umenyooka, chukua futi kamba upime kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto kisha kulia. Kwa magari mengi pande hizo zinatakiwa kulingana, milimita chache tu za tofauti. Ukikuta sentimita nzima, acha kutafuta barabara ya kulaumu.

Halafu inua gari kwa jeki, uliwekee stendi. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, shuku boljointi, kiungo cha duara kinachoruhusu mguu wa tairi kugeuka, au beringi. Shika kushoto na kulia: likicheza, shuku tairodi endi, kiungo cha mwisho wa tairodi. Na ukisikia mvumo unaobadilika unapokata kona, hiyo ni beringi, ambayo wakati mwingine huanza kulia wiki kadhaa baada ya pigo.

Mgeni Barabarani
Fundi, shokapu moja ikipinda nibadilishe moja?

Fundi wa Chini
Badilisha zote mbili za mbele, au zote mbili za nyuma. Mpya na iliyochoka zikiwa pamoja, gari halitulii sawa kwenye breki wala kwenye kona.

Nyuma Nyuma
Mimi niligonga kwa tairi la nyuma, nikidhani la nyuma halina madhara. Usukani ulikaa upande, mafundi wakahangaika na mbele wee. Siku moja rafiki aliyekuwa akinifuata akanipigia: gari lako linatembea ubavu kama kaa. Ekseli ya nyuma ilikuwa imepinda, matairi ya nyuma yanasukuma gari upande na mimi nalirudisha kwa usukani. Sisitizeni alaimenti ya matairi manne, jamani.

Mwanzisha mada
Nimerudi na majibu. Asanteni wote.

Jioni ileile nilipima kwa futi kamba: kushoto ni fupi kwa milimita 14. Nikarudia mara tatu. Karatasi nayo nimeipata, kasta ya kushoto iko chini ya ya kulia kwa zaidi ya nyuzi moja na nusu. Ubavu wa tairi uko salama, nimeuchungulia kama Mama Wawili alivyosema.

Gari limeinuliwa leo. Ni mkono wa chini, ule unaoshika boljointi. Ukiutazama kwa juu huoni kitu, lakini walipoulaza sakafuni pembeni ya mpya, ncha moja ilikuwa inaning'inia hewani. Bushi yake ya nyuma, ule mpira wa pale unapofungwa kwenye gari, imechanika pia.

Fundi wa Chini
Safi sana. Mwambie asikaze bolti za bushi gari likiwa limening'inia. Azifunge kwa mkono, alishushe likae kwa uzito wake, ndipo akaze kabisa. La sivyo mpira utakaa umejipinda na hautadumu.

Mwanzisha mada
Nilisimama pale pale mpaka akafanya hivyo. Kisha alaimenti, matairi manne. Nimepita barabara zangu zile tatu, nimelegeza mikono kwenye kila moja. Linakwenda mbele.