Mtu mzima anakalia kaburi la mtoto anakula rolex ya chapati na mayai halafu ananiambia "hao si ndugu zako"

Mzee_wa_Budongo:
Wakuu naandika mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule yule wa fulana ya kijani, GPS tatu kiunoni utadhani anaongoza ndege Entebbe, anayejiita mwalimu wa jiokashi, huu mchezo wetu wa kutafuta kwa GPS makasha yaliyofichwa, Uganda nzima. Leo nimemkuta Nyabyeya kwenye makaburi ya Wapolandi AMEKALIA KABURI. Kaburi la mtoto, ukihesabu miaka kwenye jiwe hakufika hata umri wa kuanza shule. Anakula rolex. Rolex ya trei nzima ya mayai!

Mimi nimetoka Masindi na boda kwa ajili ya kasha tu, makaburi yenyewe nilidhani ni ya wamishonari. Nafuata mshale wa GPS, kasha liko nje kabisa kwenye shina la mti, maana halifukiwi ardhini wala haliwekwi juu ya kaburi, nafungua nakuta daftari la kusaini na karatasi aliyeficha kaandika habari za pale. Nikasoma nimesimama. Kumbe hawa watu Wasovieti waliwatoa kwao 1940 wakawapeleka Siberia, baadaye wakatokea Uajemi, meli, treni, mpaka 1942 wakaletwa hapa ukingoni mwa msitu wa Budongo, wengi wao akina mama na watoto. Lile kanisa la matofali walilijenga wenyewe vita bado inaendelea huko kwao. Walipoondoka makaburi yakabaki. Miaka yote hii napita barabara ile sijui lolote!

Nainua macho kwenye karatasi, huyu hapa kakalia kaburi. Nikamwambia kwa adabu, ndugu yangu shuka hapo. Hakushuka. Akatafuna. Akameza. Ndiyo akasema, mbele ya vijana wake, "Mzee, hao si ndugu zako." Wakacheka wote. Halafu AKAJIFUTA MIKONO KWENYE JIWE. Jina la mtoto limeshafifia, yeye analipaka mafuta ya chapati.

Na kwenye daftari kaandika "rahisi mno". Rahisi mno! Watu wametoka Siberia!

Atolewe kwenye grupu leo leo. Kakalia kaburi. La mtoto. Na rolex.

boda_Kigumba:
Namjua sana huyo. Nilimbeba mpaka Budongo, kufika akaniambia atalipa kwa mobile money, mpaka leo nasubiri meseji

mtani256:
mzee swali moja tu, ilikuwa na nyanya au kavu

Mzee_wa_Budongo:
@mtani256 wewe ni mmoja wa wale vijana, nimekujua. Alikalia KABURI.

Binti_Koja:
Pole sana mzee wangu. Na huku kwetu Koja, Mukono, wapo Wapolandi wengine, kambi yao ilikuwa kando ya ziwa, nao wamezikwa hapo hapo. Watu wanakuja wanapiga picha wanaondoka, ukiwauliza ni makaburi ya nani wanakwambia ya wazungu. Wazungu gani??

Kijana_wa_Mengo:
Nyinyi mna rolex, sisi Namirembe, Kampala, nilimkuta bwana harusi ameegemea kaburi la Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga 1885, suti nyeupe, mpiga picha anamwambia tabasamu. Na Albert Cook aliyeanzisha hospitali ya Mengo 1897 amelala hapo hapo anasikia yote

mtani256:
alitabasamu?

Fundi_GPS:
Kwa wasiojua, mchezo huu ulianza Marekani mwaka 2000, Oregon, jamaa alificha ndoo porini na ndani aliweka na mkebe wa maharage.

boda_Kigumba:
kumbe chakula kilikuwepo tangu mwanzo, mzee msamehe 😂😂

Mzee_wa_Budongo:
Maharage yalikuwa kwenye ndoo, hayakuliwa juu ya mtoto wa watu!

Nyabo_Jinja:
Mimi kero yangu ni wanaobadilisha vitu kwenye makasha. Sheria ni ukichukua kitu acha chenye thamani ile ile. Niliacha saa ya mkono inayotembea, kurudi nakuta kifuniko cha soda. Kifuniko!

Fundi_GPS:
Nyabo afadhali wewe. Mimi nimeshikwa na kijiji kizima nachungulia chini ya mti, eti natafuta mercury (zebaki) kwenye makaburi ya mababu zao, LC, mwenyekiti wa kijiji, mwenyewe ndiye aliyeniokoa, na bado nikanunua soda za kamati yote

boda_Kigumba:
ndiyo vile vifuniko vya Nyabo

Mzee_wa_Budongo:
Jamani mada ni kaburi. Nani anasimamia grupu?

mtani256:
ila rolex ya Masindi nayo si ya kuacha, Wandegeya, Kampala, siku hizi yai moja na kabichi tele

Kijana_wa_Mengo:
Wandegeya ipi hiyo? Nenda pale usiku, omba mayai mawili, usimpe hela kabla hajapasua la pili ukiona kwa macho yako

Nyabo_Jinja:
Na wale wanaotumia kaveera (mfuko wa plastiki) kufungia, inayeyuka humo humo