Kafunga kioo cha gari mwenyewe, simba haonekani, halafu mbovu ni kamera yangu!

Bundi wa Bunju

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na vumbi la porini puani, kwa hiyo msianze kunitafutia koma.

Kuna bwana mmoja hapa mjini anajiita dairekta. Simtaji, mnamjua. Yule wa skafu shingoni, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Yule ambaye kila sentensi inaanza na "nilipokuwa London", na London yenyewe alibadilisha ndege tu. Huyo huyo.

Tuko Serengeti. Kibali cha kurekodi usiku tumekisotea mpaka viatu vimekwisha soli. Kamera ya joto tumeikodi kwa hela ambayo ningenunua kiwanja Chanika nikabakiwa na ya msingi. Siti ya nyuma wamekaa wageni wawili wa televisheni ya Ulaya, ndio wenye mfuko. Saa nane usiku, giza la kutiana vidole machoni, simba wanamnyemelea nyumbu. Kwenye monita nawaona wote, weupe peee. Mpaka pale jike mmoja alipokuwa amelala, kainuka, majani bado yanang'aa kwa joto lake. Natetemeka kwa furaha.

Simba mmoja kanguruma.

Bwana Skafu kapandisha kioo cha dirisha! Mbele ya lenzi! Monita yote ikawa kijivu, na katikati ya kijivu ikatokea sura yake yeye mwenyewe: pua nyeusi kwa baridi, mashavu yanawaka. Namwambia kwa adabu, "Bosi, kioo." Akajibu kwa Kizungu ili wageni wasikie vizuri, kwamba kamera yangu inamwona bosi ila simba haiwaoni, na kesho nikashike reflekta, lile bango la kurudisha mwanga.

Reflekta. Saa nane usiku. REFLEKTA.

Wageni wakacheka. Nyumbu kaliwa gizani huko, na sisi kwenye kadi tuna dakika nzima ya pua ya bwana mkubwa.

Jamani, kamera hii haihitaji mwanga hata chembe. Inasoma joto, mawimbi ya mikromita 8 hadi 14, na kioo cha kawaida hakiyapitishi, mengi kinayanyonya na mengine kinayarudisha. Ndiyo maana lenzi yake imetengenezwa kwa madini ya jemaniamu, ukiitazama kwa macho huoni upande wa pili. Hili nilimweleza kabla hatujatoka kambini, akanijibu "nilipokuwa London".

Na haikuanza hapo. Jioni aliniambia niongeze taa. Kisha akaona mawe ya kopje, vile vilima vya mawe, yanang'aa, akawaamsha wageni waje waone kundi la tembo waliolala. Mawe! Yamekula jua mchana kutwa, usiku yanalitema. Kisha pundamilia wakatokea hawana mistari, akataka mistari irudishwe kwenye kuhariri.

Huyu ndiye anayewahubiria watu The Zone of Interest, ile filamu ya dairekta Glazer ya 2023 kuhusu kambi ya Wanazi, pale binti anapowaachia wafungwa matufaha usiku. Ni kweli pale walitumia kamera ya joto, kwa sababu Glazer hakutaka taa za filamu. Ila sijasikia mtu kapandisha kioo.

Eti reflekta.

Kiti cha Mbele

Nimekaa. Mwenye bisi asogee.

Mama Junia

Ni yule wa tangazo la maji, aliyemfokea mtoto mbele ya mama yake?

Bundi wa Bunju

Sijataja mtu.

Mama Junia

Ndiye.

Fundi Volti

Mimi fundi umeme, hizo kamera nakagulia breka na transfoma. Yangu ndogo, inatoa fremu, yaani picha, 9 kwa sekunde, maana zikizidi hapo Wamarekani wanabana kuziuza nje. Kuna prodyuza aliniazima akapige fisi. Nilimwambia itakatakata, akasema atalainisha kwenye kompyuta. Fisi ametokea anasafiri kwa vituo. Na kila baada ya muda inafanya "tik" picha inaganda, inajirekebisha yenyewe, eti nimemuuzia mbuzi kwenye gunia. Sijauza, nimeazima! Na chaja sijaiona mpaka leo.

Mzee wa Busara Feki

Mtoa mada, milioni zote hizo za kamera, kushusha kioo umeshindwa? Mkono huna?

Bundi wa Bunju

Vioo vya umeme, swichi zote kazifunga dereva. Na dereva anamwogopa bosi kuliko simba.

Mzee wa Busara Feki

Basi mtu sahihi wa kushika reflekta ni dereva.

Chuga Boy

Chai hii, tena haina sukari. Mbona kwenye ile filamu ya Predator yule mnyama anaona joto la watu msitu mzima bila shida? Nunua kamera nzuri, acha kulia.

Bundi wa Bunju

Predator ni ya 1987, walipiga Mexico, na msitu wenyewe ulikuwa na joto linalokaribiana na la mwili wa mtu. Iliwatesa kumtenganisha mwigizaji na miti. Soma kwanza. Na hata wao hawakumpa mtu REFLEKTA.

Chuga Boy

Hiyo reflekta imekuingia, mzee.

Narok Finest

Mambo ya Tanzania haya. Huku kwetu Maasai Mara, Kenya, hizi kamera ziko tangu 2016, shirika la uhifadhi WWF walileta, askari wa wanyamapori wananasa majangili usiku bila hata tochi. Hakuna mtu anabishana na kioo. Shida yetu ni posho. Unalala nje na fisi, posho inakuja kama umesahau ulifanya kazi gani.

Kiti cha Mbele

Posho mnapata? Hongereni.

Lenzi Kavu

Mnalia kuhusu kioo, mimi yangu ilikamatwa uwanja wa ndege. Jamaa kaitazama lenzi, haoni kitu, kaniuliza ni ya bunduki gani. Nikaanza kumsimulia habari za Richard Mosse, yule mpiga picha wa Ireland aliyetengeneza Incoming, akawapiga wakimbizi kwa kamera ya kijeshi inayomwona mtu akiwa kilomita 30, na kisheria ile kamera inahesabiwa silaha. Nilidhani namwelimisha. Kumbe nimejikaanga. Nikahamishiwa chumba cha pili.

Mama Junia

😂😂 Nani alikutuma useme neno silaha uwanja wa ndege?

Lenzi Kavu

Elimu.

Jangwani Damu

Samahani, nimechelewa. Yaani Simba hakuonekana kabisa? Mbona sisi Yanga hilo tunalijua tangu dabi ya tarehe 5 Novemba 2023. Tano moja, tano zetu. Kamera ilikuwa nzima, kioo kilikuwa chini.

Mnyama Original

Utopolo mmeingiaje huku? Mtu analia kazi yake imeharibika.

Jangwani Damu

Nampa pole. Makolo hamwonekani hata kwa joto.

Mnyama Original

Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025 nani alionekana?

Jangwani Damu

Mlionekana mkirudi bila kombe.

Mnyama Original

Na nyie 2023 kwa USM Alger mlirudi na nini? Mabegi?

Bundi wa Bunju

Wakuu, mada ni dairekta na kioo. Tena leo asubuhi katuma sauti kwenye kundi la kazi, anasema "mtu wa reflekta" awahi. Mtu wa reflekta ni MIMI.

Jangwani Damu

Pole, mtu wa reflekta. Tano moja.

Narok Finest

Hiyo tano moja mimi pia niliiona nikiwa Narok.

Shangazi wa Mbagala

Kwa kuwa wapiga picha wote mpo hapa, naomba kuuliza. Kuna kijana alipiga harusi ya mwanangu, hela kachukua yote kabla ya ndoa. Video hatujaiona. Mjukuu ameanza chekechea. Nikipiga simu anasema faili linapanda.

Fundi Volti

Shangazi, shikamoo. Si yule mwenye droni iliyotua kwenye keki?

Shangazi wa Mbagala

Marahaba. Ndiye! Umemjuaje?

Fundi Volti

Keki ilikuwa ya dada yangu.

Lenzi Kavu

Huyo ana stendi yangu ya kamera.

Mama Junia

Shangazi mfungulie uzi wake, mimi nina risiti tatu.