Mark X ya 4GR-FSE inakula oili: nibadilishe injini au niitengeneze?

Mkazi wa Njiro, Arusha

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaomba ushauri kuhusu Toyota Mark X ya umbo la kwanza, yaani GRX120, yenye injini ya 4GR-FSE ya lita 2.5, ambayo niliinunua ikiwa imetumika na sasa odometa yake inasoma kilomita 148,000. Kwa miezi 3 iliyopita nimekuwa nikiongeza oili lita 1 kila baada ya kilomita 1,500 hivi, ingawa sijawahi kuona hata tone moja chini ninapoliegesha. Asubuhi, kabla injini haijapata joto, gari hutetemeka mpaka maji ndani ya chupa yanacheza. Taa ya injini nayo huwaka, na mashine ya kupimia imetoa kodi ya hitilafu P0300, yaani silinda zinakosa kuwaka vizuri.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naelekea Moshi, na baada ya mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta, mdogo wangu aliyekuwa nyuma yangu aliona wingu la buluu mara tu nilipokanyaga tena. (Amekuwa akinitania tangu siku hiyo kwamba nilifika na moshi kabla ya kufika Moshi.) Fundi wa kwanza alipima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, akasema namba ni ndogo kuliko za kitabu, kwa hiyo injini imekwisha na ninunue nyingine iliyotoka Japani. Wa pili amesema niweke oili nzito ya 20W-50 na nisihangaike. Nimfuate yupi?

Fundi wa Majengo, Moshi

Kaka, usimfuate yeyote kwa sasa. Kabla ya yote, muulize fundi wa kwanza kama alikumbuka kwamba Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Huko hewa ni nyepesi, na silinda hubana ile hewa iliyopo tu, hivyo injini nzima kabisa itasoma kompresheni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Namba ya kitabu haikuandikwa kwa ajili ya Njiro. Kinachotakiwa ni kulinganisha silinda zote 6 zenyewe kwa zenyewe, injini ikiwa imepata joto na plagi zote zimetolewa. Tofauti ikizidi psi 15 hivi (psi ni kipimo cha shinikizo), hapo kuna neno. Ile iliyo chini mwagie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, kisha upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka au zimekwama. Ikibaki palepale, angalia valvu.

Kuhusu kutetemeka, injini hii inajulikana kwa ugonjwa huo. Nozeli zake zote 6 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo migongo ya valvu za kuingizia hewa haioshwi na mafuta hata siku moja. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda, huungua juu yake na kuganda, na hewa huanza kupita kwa shida, hasa injini ikiwa baridi. Dada yake, 2GR-FSE ya lita 3.5, alipewa nozeli za ziada kwenye njia ya hewa, ndiyo maana tatizo hilo halimsumbui kiasi hicho. Lexus IS250 inatumia injini hii hii ya 4GR-FSE, na Marekani wamiliki walilalamika mpaka yakatolewa maelekezo ya kubadilisha pistoni na ringi zake. Zile chupa za kusafishia nozeli zinazomiminwa kwenye tangi haziwezi kufika kwenye valvu hizo, kwa hiyo usipoteze fedha. Fungua manifoldi, hakikisha valvu za silinda unayoisafisha zimefungwa, kisha loweka na ukwangue kwa mkono. Lakini tahadhari: bomba la petroli la pampu ya shinikizo la juu lina shinikizo linalozidi la injini za kawaida zaidi ya mara 10. Asilifungue mtu yeyote kabla shinikizo halijatolewa.

Moshi unaoonekana baada ya mteremko mara nyingi hutokana na sili za valvu au ringi, kwa sababu usipokanyaga mafuta injini hunyonya kwa nguvu na kuvuta oili. Kabla ya kufika huko, badilisha valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi. Ni kitu cha bei ndogo na ikikwama huleta dalili zilezile.

Mzee wa Usa River

Mimi si fundi, ila nimeendesha GRX120 kwa miaka 6. Oili ya 20W-50 niliijaribu. Kweli ulaji ulipungua kidogo, lakini kila asubuhi nilisikia mnyororo wa taimingi ukilia kwa sekunde kadhaa, kwa sababu kikaza mnyororo pamoja na VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, hutegemea oili inayopita haraka kwenye vijitundu vyembamba. Nilirudi kwenye 5W-30, karibu lita 6.3 pamoja na filta, nami humwaga kila kilomita 5,000 kwa sababu ya vumbi letu. Na huyo anayekuuzia injini ya Japani anakuuzia ugonjwa uleule usioujua umri wake, halafu namba yake haitalingana na ile iliyo kwenye kadi ya gari.

Dereva wa Sakina

Shikamoo mzee. Je, petroli yetu haiwezi kuwa chanzo? Nimesikia gari hili lilitengenezewa petroli ya oktani ya juu.

Fundi wa Majengo, Moshi

Ni kweli, umbo la kwanza lenye nguvu ya farasi 215 lilipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa Japani ni oktani 96 au zaidi. Lile la mwaka 2009 lilishushwa hadi 203 ili litumie ya kawaida. Lakini hewa nyepesi ya Arusha hupunguza injini kugonga, na kihisi cha kugonga huko husaidia kurekebisha muda wa cheche. Petroli haili oili.

Mkazi wa Njiro, Arusha

Ninarudi na majibu baada ya wiki 5. Silinda 5 zimesoma kati ya psi 160 na 168, na moja 149, ambayo ilipanda hadi 163 ilipotiwa oili. Manifoldi ilipotolewa, valvu zilikuwa na gamba jeusi linalong'aa kama ukoko wa sufuria ya ugali uliosahaulika jikoni, nene kiasi cha kuficha shina. Fundi alikwangua siku nzima. Mtetemo umekwisha, P0300 haijarudi, na pamoja na PCV mpya sasa naongeza lita 1 kwa kilomita 2,700. Ringi za silinda ile nitazishughulikia mwezi wa Januari. Mpaka wakati huo ninapima oili kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha, na kidaftari kiko ndani ya gari.