Gumzo la ukoo: Rehema aende Mlimani au SUA?

Jumamosi usiku

Mama Rehema: Shikamooni wakubwa. Majina ya udahili yametoka. Mtoto kachaguliwa vyuo viwili! Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, Biolojia ya Molekuli na Bioteknolojia, na SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, Bioteknolojia na Sayansi za Maabara. Nimelia kwenye daladala mpaka konda akaniuliza kama nimefiwa.

Shangazi Moro: Marahaba wifi. Hongera jamani! Rehema mwanangu, Mungu akuzidishie.

Baba Mdogo Ubungo: Alhamdulillah. Sasa Rehema, kabla ya ubwabwa wa hongera: aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye simu. Mwanangu mkubwa alisema kesho, kesho, dirisha likafungwa, akakaa nyumbani mwaka mzima. Sitaki yaturudie.

Rehema: Shikamoo Baba Mdogo. Namba ninayo. Mwisho Jumatano.

Baba Rehema: Mimi nasema Mlimani. Kimara hadi Ubungo ni mwendokasi, na kutoka pale chuo hakiko mbali. Anakula kwao, analala kwao. Chuo kimeanza 1961 na wanafunzi wachache wa sheria pale mtaa wa Lumumba, leo nani asiyekijua?

Shangazi Moro: Kaka, hata SUA inajulikana. Wale panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu wanafundishwa hapa hapa chuoni. Yule panya Magawa aliyepewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 alilelewa na kufundishwa hapa Moro, akaenda Kambodia akafichua mabomu zaidi ya 100. Watu wanadhani SUA ni jembe tu.

Kaka Hamisi: Shikamooni wote. Mimi nimesoma hiyo hiyo molekuli Mlimani, naomba nisikilizwe kidogo. Rehema, kipi kikali kuliko kingine usikiulize, vyote vinachuja. Niambie kitu kimoja: ni nini kinachokukosesha usingizi mpaka unataka kukisomea?

Rehema: Mihogo ya Bibi, kaka. Mwaka juzi nilikwenda Mkuranga kumsaidia kung'oa. Majani mabichi, mashina yamesimama vizuri, lakini ukipasua muhogo ndani umeoza, una madoa ya kahawia, mgumu kama gome. Tulitupa nusu ya shamba. Bibi akasema ni jua. Mimi sikuamini kama ni jua.

Salum Mkuranga: Bibi niko naye hapa, namsomea. Anasema haikuwa nusu, ilikuwa zaidi ya nusu.

Kaka Hamisi: Shikamoo Bibi. Hiyo ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa mihogo. Ule mwingine, batobato, unauona mapema, majani yanajikunja na kuwa na mabaka. Hii inaweza kujificha chini mpaka siku ya kuvuna. Inaletwa na virusi vya aina mbili, wanahamishwa na inzi weupe, na sisi wenyewe tunawasafirisha mbali tukipeana pingili za kupanda. Mtafiti wa Amani, kule Muheza, aliiandika mwaka 1936. Karibu miaka 90 sasa, na bado bibi zetu wanatupa mihogo.

Rehema: Zile pingili aliziomba kwa jirani.

Salum Mkuranga: Anasema ni kweli. Na yeye akampa shoga yake wa Vikindu. Amenyamaza, ameshika tama.

Kaka Hamisi: Mwambie Bibi hana kosa, kwa macho huwezi kujua. Unachukua jani, unatoa vinasaba, unavizidisha kwenye mashine ya PCR, ndipo kirusi anaonekana. Ndiyo maana mimi naegemea Mlimani: Rehema atapata msingi wa molekuli wenyewe, na TARI Mikocheni, watafiti wa kilimo wanaochunguza virusi vya mihogo, wako hapa hapa Dar. Fildi, yale mafunzo ya vitendo, anaweza kuiombea kwao.

Shangazi Moro: Hamisi mwanangu, umesema vizuri, lakini wewe umemwangalia kirusi tu. Inzi mweupe je? Huyo ni mdudu. Pingili ni kilimo. Udongo wa Mkuranga je? SUA watu wa mimea, wa wadudu na wa udongo ni majirani. Akikwama maabara anavuka uwanja anamuuliza anayelima.

Kaka Hamisi: Hapo kwa inzi umenibana, shangazi. Mimi miaka 3 yote nilisoma DNA ya mimea bila kung'oa mmea hata mmoja. Nilijifunzia kazini.

Baba Mdogo Ubungo: Na msivifanye vyuo hivi maadui. SUA ilikuwa kitivo cha kilimo cha Mlimani. Ikawa chuo kikuu mwaka 1984, ikapewa jina la Sokoine, aliyetutoka Aprili mwaka huo huo kwa ajali pale Dakawa. Ni tumbo moja.

Baba Rehema: Sawa, ni tumbo moja. Lakini chakula na chumba Morogoro nani analipa?

Mama Rehema: Baba Rehema, tumeomba mkopo. Akipata, bumu, ile hela ya kujikimu, ni 10,000 kwa siku, chakula na malazi. Ada tumeziangalia, hazipishani kiasi cha kutushinda. Na treni ya SGR ni 13,000, hata saa mbili hazifiki.

Baba Rehema: Mkopo akikosa?

Shangazi Moro: Chumba cha uani kipo. Mtoto wa kaka yangu hawezi kupanga wakati mimi nipo hai.

Baba Rehema: Dada, nisikudanganye. Hela ni sehemu tu. Nimezoea kumsikia asubuhi akifungua geti.

Rehema: Baba 😭 Nakuja sebuleni.

Jumapili mchana

Rehema: Shikamooni. Tumeongea na baba mpaka saa sita usiku. Leo asubuhi nimethibitisha SUA. Kaka Hamisi, molekuli sijaiacha. Ila nikijua kirusi bila kujua mmea, nitampelekea Bibi jina la ugonjwa tu. Fildi nitaomba Mikocheni kama ulivyosema, utanisaidia kuandika barua.

Kaka Hamisi: Nitakusaidia mdogo wangu. Na daftari zangu za jenetiki ni zako.

Baba Mdogo Ubungo: Piga picha ule ujumbe wa kuthibitisha, uhifadhi. Mtumie na baba yako.

Baba Rehema: Ninao tayari. Dada, hicho chumba cha uani kina dirisha la wavu?

Shangazi Moro: Nitaweka wiki hii, kaka.

Salum Mkuranga: Bibi anauliza, pingili alizofunga kwa ajili ya vuli azipande au aziache?

Rehema: Asipande, Salum. Kesho mpeleke kwa bwana shamba akaulizie mbegu safi. Na ampigie yule shoga yake wa Vikindu.