Nimwambieje baba tuongeze mbwa wa pili?

Mwana_Sahare
Wadau, tuko Sahare, hapa Tanga mjini. Mbwa wetu Bosi ana miaka 11 na masikio yamekwisha. Juzi mwizi kaingia bandani, kabeba kuku 4, Bosi kalala fofofo. Jamaa wa Pongwe ananipa jike mchanga, bure. Baba hataki hata kusikia: "Mmoja ananimalizia dona, wewe unamletea mke?" Mama shida yake ni najisi. Mate ya mbwa yakigusa kanga aoshe mara 7, moja kwa udongo, na adhana ya alfajiri ndiyo hiyo. Naanzia wapi?

Muuza_Changu
Anza na mama, mwaya. Hamisha banda nyuma ya nyumba, mbali na bomba na kamba ya nguo. Mimi huku Makorora nilizungusha makuti tu, mama akanyamaza. Msosi usiwe kisingizio: changanya dona na vichwa vya samaki, ila chemsha na uchambue miiba.

Dada_Mabawa
Bosi ni dume? Basi uzee usikudanganye. Jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba miezi miwili tu, mara una mbwa 8 uani. Muulize daktari wa mifugo bei ya kumfunga kizazi KABLA hujamfuata baba. Asiachishwe kwa mama yake kabla ya wiki 8, na akifika miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa. Bosi mwenyewe kachanjwa lini?

Babu_wa_Chumbageni
Kijana, hujasema mwakani utakuwa wapi. Wanangu 5, kila mmoja aliniletea mnyama akaenda zake. Sasa hivi nakuandikia huku nalisha sungura ambaye sikumwomba. Baba yako mbwa hamkatai, anakataa kazi utakayomwachia.

Mwana_Sahare
Shikamoo babu, umenipata penyewe. Oktoba naenda chuo Morogoro, na hapa sikusema makusudi.

Wadau nimerudi, wiki mbili zimepita. Chanjo ya Bosi ilishapitwa, nimempeleka. Banda limehamia nyuma, mama kapita akasema "afadhali". Ugali wa Bosi sasa anapika mdogo wangu wa kidato cha pili, mimi nimekaa pembeni namtazama. Siku ya tatu aliuunguza, Bosi akala hivyo hivyo. Baba anaona yote, haongei. Jana usiku ananawa mikono, kauliza bila kunitazama: "Huyo wa Pongwe, rangi gani?"