Karura kwa baiskeli na watoto: lango lipi, na upepo wa tairi kiasi gani?

mwendo_pole

Habari zenu wadau. Jumapili ijayo nataka kuwapeleka watoto wawili, wa miaka 9 na 12, wakaendeshe baiskeli Msitu wa Karura, Nairobi. Uwanjani na kwenye barabara za mtaa wanaenda vizuri, ila kokoto na miteremko bado. Baiskeli zao ni za magurudumu ya inchi 20 na inchi 24, breki za kubana rimu. Yangu ina tairi za milimita 38 na breki za disiki.

Naomba kujua: ndani kweli hakuna magari? Tuingilie Limuru Road au Kiambu Road? Tairi zijazwe upepo kiasi gani? Na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia, twende au tuahirishe? Wanataka sana kuona maporomoko ya maji, sijui kama baiskeli inafika.

mianzi_na_mito

Magari ya wageni huishia kwenye maegesho karibu na lango. Ukishavuka hapo unaweza kukutana na gari la doria au la kazi za msitu, nalo huenda taratibu. Hofu ya magari iacheni nje. Ndani, la kuangalia ni kona zilizozibwa na vichaka, maana upande wa pili huenda kuna mtu anakimbia na vidude vya muziki masikioni, au mbwa aliyefungwa kamba ndefu. Ile kamba hutanda njia nzima na huioni mpaka umeifikia. Kila baiskeli iwe na kengele, na watoto waipige kabla ya kona, si wakiwa katikati yake. Anayetembea ana haki ya kwanza siku zote.

Kuhusu lango, tazama mito kwanza. Mito ya Karura inatoka upande wa juu, kule Limuru, inateremka kuelekea mashariki. Migongo ya ardhi imelala vivyo hivyo, sambamba na mito. Kwa hiyo ukifuata mgongo unaenda kama uko tambarare. Ukikata mgongo kuvuka mto, unateremka bonde kisha unapanda upande wa pili, na hapo ndipo watoto huchoka na kuanza kulalamika.

Mukiingilia Limuru Road mutaanza kwa kuteremka kidogokidogo bila kujua, halafu njia yote ya kurudi ni kupanda, na miguu imeshaisha. Mukiingilia Kiambu Road, kwenye lango la KFEET (shirika la elimu ya mazingira la msitu huo), mnapanda mwanzoni mkiwa na nguvu na mnarudi kwa wepesi. Kwa watoto wa umri huo mimi nachagua Kiambu Road bila kusita. Wengi hupendelea Limuru Road kwa sababu mkahawa wa kando ya mto uko upande huo, lakini chai inaweza kusubiri.

Kaeni kwenye barabara pana za murram, yaani udongo wa kokoto ulioshindiliwa. Msitu una zaidi ya kilomita 50 za njia, na nyembamba ni nyingi. Zingine ni za miguu tu, kibao kinasema hivyo. Kwenye makutano kuna nguzo zenye namba. Piga picha ramani iliyo langoni, chagua namba nne au tano za mzunguko wenu, andika kwenye karatasi na umpe mtoto mkubwa awe anaziita kila mkifika. Mzunguko wa kilomita 8 hadi 10 unawatosha siku ya kwanza.

Maporomokoni baiskeli haifiki. Njia ya mwisho inashuka kwa ngazi, na mapango ya Mau Mau yaliyo karibu nayo huendewa kwa miguu. Beba kufuli lenye mnyororo mrefu, zifungeni zote tatu pamoja huko juu kwenye kitu imara, kisha mshuke. Mti mchanga usifungiwe kitu, gome lake huchubuka.

fundi_spoki

Nijibu la upepo. Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa kiwango cha chini na cha juu. Kwa watoto anza na kile cha chini kabisa, kwa sababu uzito wao ni mdogo. Tairi ikiwa ngumu hurukaruka juu ya kokoto, na gurudumu lililo hewani halifungi breki. Wewe, ukiwa na kilo kama 75 kwenye milimita 38, weka psi 40 mbele na 45 nyuma (psi ni kipimo cha presha ya upepo). Nyuma hubeba uzito zaidi.

Usishuke chini sana ukidhani utapata ulaini. Tairi laini mno ikigonga mzizi, tyubu hubanwa kati ya rimu na mzizi, ikatoboka matundu mawili yanayokaa sambamba. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo ujue si mwiba, ni upepo mdogo. Kiraka kimoja kikubwa kiyafunike yote mawili. Viraka viwili vidogo vikipandiana huvuja pale vinapokutana.

Jaza kwa pampu ya mkono nyumbani. Mashine ya petroli steshoni inasukuma hewa kwa kasi, na tairi ya inchi 20 ni ndogo, inaweza kutoka kwenye rimu na kupasuka kabla hujaachia. Tena angalia valvu: nene kama ya gari inaingia kwenye pampu nyingi, nyembamba inahitaji kichwa chake.

Breki za watoto ndizo za kukaguliwa kuliko chochote. Mkono wa mtoto ni mfupi na breki nyingi zimewekwa mbali. Kuna skrubu ndogo kwenye wenzo wa breki, karibu na pale unapoungana na usukani. Izungushe kuelekea kulia, wenzo utasogea karibu. Mtoto aufikie kwa vidole viwili bila kuachia usukani. Ukisogeza wenzo, kagua na waya: ukiwa umelegea, atabana hadi wenzo uguse usukani na baiskeli isisimame. Pedi ziache nafasi ya kama milimita 2 kila upande wa rimu, na zibane rimu, si tairi. Pedi ikigusa tairi hata kidogo, tairi italiwa ubavu na inaweza kupasuka. Mifereji ya pedi ikiwa imefutika, badilisha kabla ya Jumapili.

Kwenye begi: tyubu moja ya kila ukubwa (ni tatu, hakuna njia ya mkato hapo), levya mbili za kubandulia tairi, viraka na solusheni, pampu, na spana ya nati za magurudumu. Watu husahau spana, kumbe baiskeli nyingi za watoto hazina kifungulio cha haraka.

udongo_mwekundu

Mvua. Udongo wa pale ni mwekundu wa volkano, una mfinyanzi mwingi. Ukikauka ni mgumu na mzuri kabisa kwa baiskeli. Ukilowa hunata kwenye tairi, hujaa kati ya tairi na uma (chuma kinachoshika gurudumu la mbele) na gurudumu hukwama. Madigadi marefu huzidisha tatizo, bora uyavue.

Usiamue ukiwa nyumbani, maana Ruaka inaweza kunyesha na Muthaiga ikawa kavu. Amua langoni. Chukua udongo kidogo kutoka penye kivuli, ufinyange kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukivunjikavunjika, njia zote ziko sawa. Ukitengeneza utepe mwembamba unaong'aa na kubaki na alama ya kidole chako, bakieni kwenye murram tu. Murram yenyewe hukauka ndani ya saa chache jua likitoka. Juni hadi Agosti usidanganywe na kukosa mvua: baridi na manyunyu huziacha njia za chini ya miti na unyevu hadi mchana.

Kwenye mbao zilizolowa za madaraja, nyoosha usukani, usikanyage pedali, usishike breki. Kwa watoto, washuke wasukume. Mizizi ivukwe kwa kuikata moja kwa moja. Ukiivuka mshazari, gurudumu la mbele linateleza nayo.

Mkikuta dimbwi njiani, piteni katikati yake polepole. Msizunguke pembeni. Kila anayezunguka huongeza upana wa njia, na pembeni ndipo miche ya asili imepandwa kuchukua nafasi ya mikaratusi iliyokatwa. Mingine haijafika hata magotini. Msitu huu umetangazwa kuwa wa hifadhi tangu 1932, na bado miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wajenzi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda mti langoni. Kwa hiyo mche mmoja kukanyagwa na tairi ni jambo la kuuma.

mwendo_pole

Asanteni sana, mmenifungua macho kuhusu mito. Maswali mawili tu: mtu mzima ni mmoja, nikae mbele au nyuma ya watoto? Na nyani je?

mianzi_na_mito

Kaa nyuma kabisa, wa miaka 9 mbele yako, wa 12 aongoze, kwa sharti moja: anasimama kwenye kila nguzo ya namba mpaka wote mfike. Kwenye mteremko mrefu mbadilishane, wewe utangulie kwa mwendo mdogo na hakuna kukupita. Wafundishe kupunguza mwendo kabla ya kona, wakitumia breki zote mbili. Kubana breki ya mbele peke yake juu ya kokoto, tena kona, ndiko kunakomwaga mtoto. Pedali zote mbili ziwe usawa mmoja wakati wa kuteremka, ili ya chini isigonge jiwe.

Wanaowaita nyani pale ni kima, na ukibahatika utaona mbega weupe kwa weusi juu kabisa ya miti. Mbega hao waliletwa kutoka nje ya Nairobi miaka ya 2010. Mbega hawana shida na mtu. Kima ndio wenye macho ya kuangalia mfuko. Msile mkiwa kwenye baiskeli, msitundike ndizi kwenye usukani, na msiwape chochote. Aliyezoea kupewa hupokonya, na mtoto ndiye huanza naye.

Malipo ni kwa simu, noti hazipokelewi, basi chaji simu usiku. Fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya hapo Jumapili huwa na watu wengi. Mkienda jioni, geuzeni baiskeli saa kumi na moja. Chini ya miti giza huingia mapema kuliko barabarani.

fundi_spoki

Nyongeza moja: mkirudi na tope, usilipige kwa maji ya presha kwenye ekseli wala kwenye pedali, grisi hutoka na mchanga huingia. Acha likauke, lisugue kwa brashi, futa rimu na pedi kwa kitambaa chenye maji, kisha mnyororo uupe tone moja la oili kila kiungo na ufute inayobaki nje. Chunguza pedi kwa ukucha: vijiwe vidogo hujikita ndani yake na kuchora rimu kila unapofunga breki. Vitoe kwa ncha ya sindano.